Kidonda Kisichouma

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu mke wangu aliona damu kwenye mkeka na mimi sikuwa nasikia maumivu popote. Tulikuwa tunaishi Nyarugusu, nikichimba dhahabu kwenye duara moja, yaani shimo la machimbo, na Masanja, rafiki yangu wa tangu utotoni kule Didia. Nikainua mguu, nikakuta tundu chini ya kidole gumba, limeshaanza kutoa maji.

Zahanati walikuwa wameshaniambia nina kisukari, wakanipa vidonge. Nilivimeza wiki mbili, nikajiona mzima, nikaacha, na sikumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kijana huwa anadhani methali zilitungwa kwa ajili ya wengine.

Basi nikawaza: kidonda kisichouma hakiwezi kuwa cha Mungu. Nimetegwa, nimekanyaga dawa. Na nani aliyeijua njia yangu kuliko Masanja? Juzi yake nilimwona akimwaga maji pale tunapoingilia duarani. Alikuwa ananawa tu, lakini mwenye shaka haoni kunawa. Nikajisemea kikulacho ki nguoni mwako. Nikaacha kula naye, nikawa namvizia anavyoutazama mguu wangu. Aliutazama sana, na angeachaje, nami nilikuwa nachechemea? Mganga niliyemwendea alisema tu ni mtu wa karibu, akanichanja palepale kwenye kidonda. Wembe nao sikuusikia, na hilo pia nikaliona uchawi.

Nikawaambia wachimbaji wenzangu kuwa Masanja ameniroga. Laiti ningenyamaza. Machimboni neno la uchawi halihitaji kusukumwa. Siku ya tatu vijana walikwenda kwa Masanja na mapanga, wakampa mpaka jioni awe amehama na mkewe na watoto. Niliwaona wakipita mlangoni kwangu, nikabaki ndani. Naona aibu mpaka leo.

Mguu ukazidi kuvimba na kunuka. Mke wangu akamwita shangazi yangu kutoka Didia, mwanamke aliyeishi na kisukari miaka mingi na kuzijua dalili zake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akiomba aletewe buti langu. Akaingiza mkono, akapapasa, akatoa kidole kinavuja damu. Buti lile la mpira lilikuwa limepasuka, nikampelekea fundi akalishindilia kipande cha tairi kwa misumari, kama tulivyofanya wachimbaji wote. Msumari mmoja ulitokeza ndani, na mimi nikautembelea mwezi mzima.

"Ng'wanawane, mwanangu, mchawi wako huyu hapa," akasema. "Sukari imeitia miguu yako ganzi. Umemfukuzisha mtoto wa watu kwa uvivu wa kukagua kiatu."

Hospitali walinikata vidole viwili wakauokoa mguu. Nilipoweza kutembea nilimfuata Masanja upande wa Buzwagi, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza niletewe maji. Mwanangu, nilichungulia ndani ya kikombe kabla ya kunywa. Naye akaniona. Hatujaonana tena.

Sasa na wewe umeambiwa una sukari. Sikwambii uache kushuku, maana tabia hiyo umeirithi kwangu na mimi mwenyewe imenishinda. Ila anza na miguu yako. Ikague kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, na usipopaona chini mwombe mkeo akuangalie. Ioshe, ikaushe vizuri, kwa sababu unyevu wa katikati ya vidole unaleta vidonda. Maji ya moto yapime kwa kiwiko, mguu utakudanganya. Buti likung'ute na ulipapase ndani kabla hujalivaa. Usitembee pekupeku hata uani, wala usikwangue sugu kwa wembe. Dawa meza hata siku unayojisikia mzima. Mimi niliponzwa na siku kama hizo. Na ukiona kidonda, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kiume, huenda kisiume kamwe. Na kabla hujalitaja jina la mtu, kagua kwanza kiatu chako, kwa sababu vidole vyangu vilikatwa na nikapona, lakini jina la Masanja mimi ndiye niliyelichafua na sijui namna ya kulisafisha.

Mungu akujalie uzeeke na vidole vyako vyote kumi, na rafiki wa kuzeeka naye.