Assumpta Mlangoni pa Banda la Akina McGovern

Assumpta Gilhooly alikuwa mtu wa shaka tangu utotoni, na watu wa kijiji cha Corraleen walimzoea hivyo. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyamimina, hata kama yalikamuliwa asubuhi ile ile mbele ya macho yake. Mtu akimsifia kofia, alikwenda kujitazama kwenye kioo ajue ina kasoro gani. Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba siku Assumpta atakapofika mbinguni, atamtaka Mtakatifu Petro kitambulisho.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, bado anakaanga soseji na kuchemsha chai kwenye kantini ya mnada wa ng'ombe, alipojiandikisha kusomea uhudumu wa dharura. Sababu hakumweleza mtu. Miaka mitatu nyuma mumewe alianguka jikoni, na gari la wagonjwa lilichukua dakika arobaini kufika. Kwa dakika zote hizo Assumpta hakujua aiweke wapi mikono yake. Lakini kijijini walisema anasomea hayo ili apate kuingia vyumbani mwa watu na kuchungulia makabati.

Masomo yalifanyika ukumbi wa parokia, Jumanne na Alhamisi jioni na Jumamosi kutwa. Mkufunzi alikuwa Ultan Sheridan, mzee mfupi aliyebeba wagonjwa miaka thelathini hadi bega lake moja likashuka. Assumpta hakumwamini. Alikuja kujifunza habari za damu na mifupa, na wiki tatu nzima mzee huyu akawafundisha namna ya kusimama mlangoni. Kabla hujamgusa mgonjwa, alisema, tazama, sikiliza, nusa. Jiulize kilichomwangusha ni nini, na kama bado kipo. Vaa glavu. Hesabu waliojeruhiwa ni wangapi, kisha uite msaada mapema, usingoje hadi ushindwe. Baada ya hayo ndipo wakaja kwenye njia ya hewa, pumzi na kuzuia damu. Wanafunzi wenzake walipiga miayo, lakini Assumpta aliandika kila neno, maana ndivyo alivyoishi siku zote bila kujua kwamba ni elimu.

"Hawa wengine nahangaika kuwafundisha kushuku," Ultan alimwambia siku moja. "Wewe mama, kazi yangu ni kukufundisha umshike mgonjwa bila kumtazama kama mwizi."

Kila mwanafunzi alitakiwa kupima presha za watu wengi na kuziandika. Assumpta hakuwa na watu wengi waliokubali kumpa mkono. Aliyekubali bila masharti ni Mama Nuala McGovern, jirani wa miaka themanini na moja, ingawa familia zao hazikuwa zikipatana. Mwanawe mkubwa, Phelim, aliwahi kumfikisha mume wa Assumpta mahakamani kwa ajili ya kichochoro cha kupitishia ng'ombe, na tangu siku hiyo hawakusalimiana isipokuwa kanisani, padri alipowaamuru wapeane mkono wa amani. Kila Jumatatu Assumpta alipoingia kwa mlango wa mbele na kipima presha chake, Phelim alitoka kwa mlango wa nyuma. Alimwambia mdogo wake, Colm, kwamba yule mwanamke anakuja kuhesabu ng'ombe wao.

Mwaka ule sikukuu ya Mtakatifu Brigida, tarehe mosi Februari, iliangukia Jumatatu. Ndiyo siku sheria inaporuhusu tena kumwaga samadi mashambani baada ya katazo la majira ya baridi, na mashimo yaliyo chini ya mabanda yanakuwa yamejaa hadi juu. Upepo haukuwepo kabisa. Moshi wa nyumba ya akina McGovern ulipanda wima kama kamba. Assumpta alipofika kwenye geti la ua wa banda, kando ya nyumba, alisikia trekta likinguruma nyuma ya banda, likiendesha mashine ya kukoroga samadi, na harufu ya mayai viza ikampiga puani. Akapiga hatua nne. Harufu ikakatika.

Alisimama. Harufu kama ile haiondoki ghafla hivyo; kinachoondoka ni uwezo wa pua kuinusa, na Ultan aliwaambia kwamba gesi ya samadi inayokorogwa huiua pua kwanza, halafu mwenye pua. Akarudi nyuma hadi nje ya geti. Kiti cha trekta kilikuwa kitupu. Ndani ya banda, kupitia mlango uliokuwa wazi, mitamba wawili walikuwa wamelala miguu ikiwa imenyooka, na mbele yao, juu ya sakafu ya zege yenye mianya, aliona viatu vya mpira vya Phelim, vidole juu.

Akapiga simu ya dharura na kusema kama alivyofundishwa: yuko wapi, mtu mmoja chini, gesi ya shimo la samadi, waje zimamoto wenye mitungi ya hewa. Alikuwa anafunga geti kwa mnyororo Colm alipotoka nyumbani, kikombe cha chai mkononi, akiuliza Phelim yuko wapi. Kabla Assumpta hajamjibu, Colm aliona viatu, na kikombe kikaanguka.

"Usiingie, Colm. Kuna gesi."

"Niachie njia."

"Ukivuta pumzi mbili tu, utalala juu yake."

"Nitabana pumzi."

"Hata yeye alidhani hivyo, alipowafuata mitamba."

Colm alikuwa mpasuaji mbao, mwenye mikono ya kuinua magogo. Alimshika Assumpta mabega na kumsukuma kwenye chuma cha geti, na alama za vidole vile zilikaa mwilini mwake wiki mbili. "Wewe umefurahi," alimwambia karibu kabisa na uso. "Sema tu kwamba umefurahi."

"Mama yako ana wana wawili. Nataka usiku huu awe na mmoja, angalau."

Hayakuwa maneno yaliyomzuia. Kilichomzuia ni mbwa wa Phelim, aliyepenya chini ya geti na kukimbilia ndani ya banda. Walimwona akifika kwenye viatu vya bwana wake, akanusa, akayumba kama mlevi, akajilaza ubavu. Hakubweka hata mara moja. Mikono ya Colm ikalegea.

Baada ya hapo walisimama bega kwa bega, na Assumpta hakuondoka mbele ya mnyororo. Kuna wakati, labda dakika ya sita, mkono wa kushoto wa Phelim ulijikunja na kujikunjua. Assumpta aliuona. Hakusema neno. Akamtuma Colm njia panda akawaelekeze zimamoto, na Colm akaenda, akikimbia.

Walifika dakika ya kumi na tisa. Wawili waliingia na mitungi mgongoni, wakamtoa Phelim hadi uwanjani, mbali na banda. Wahudumu wa gari la wagonjwa walimkata nguo zilizolowa samadi, na mmoja wao, alipoambiwa kwamba Assumpta ni mwanafunzi, akamwagiza avae glavu na ashike kichwa ili njia ya hewa ibaki wazi. Alikishika. Ndicho kichwa ambacho kwa miaka sita kiligeukia upande mwingine kila alipopita. Phelim alikuwa bado anapumua. Alikufa hospitalini siku ya nne.

Mazishini hakuna aliyemtukana Assumpta, na hilo ndilo lililomwogofya. Watu walimsalimia kwa adabu ya wageni. Kwenye kantini waliagiza chai wakasogea meza za mbali. Maneno yalimfikia kidogokidogo, kama maji yanayopenya ukutani: kwamba alifunga geti kwa mnyororo, kwamba alizuia ndugu wa damu dakika kumi na tisa, kwamba kile kichochoro hakikusahauliwa. Angekuwa mumewe mle ndani, waliulizana, angesimama vile? Mkaguzi wa usalama alikuja akapima, akaandika kwamba yeyote ambaye angeingia mle bila mtungi asingetoka. Watu wakasema karatasi haina mdomo, husema anachotaka mwenye kalamu.

Yote hayo angeyavumilia. Asichoweza kukivumilia ni kwamba yeye mwenyewe, aliyezoea kushuku kila kitu, sasa alijishuku nafsi yake. Usiku wa mawazo alijiuliza kama pembeni mwa moyo wake hapakuwa na kitu kidogo kilichokumbuka ile kesi, kikasema mwache. Alilitafuta jibu hakulipata. Akaenda kwa Ultan kumwambia anaacha masomo.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema hawezi kuutetea moyo wake kwa sababu hakuwemo ndani yake. "Miguu yako ilisimama mahali pake," alisema. "Mimi natahini miguu. Moyo kautahini mwenyewe, lakini Jumamosi uje darasani."

Alikwenda. Mwezi wa Juni akafaulu.

Septemba, mnada ulipokwisha na wanunuzi wakaanza kupakia ng'ombe, Colm aliingia kantini akaketi karibu na kaunta. Tangu mazishi hakuwa amesema naye. Assumpta alimwekea chai bila kuulizwa na kuendelea kufuta meza, akimvizia kwa pembe ya jicho, maana mtu haji hivi hivi baada ya miezi saba.

"Uliuona mkono," Colm alisema.

Assumpta aliweka kitambaa chini. "Niliuona."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, ungeingia."

Colm aliizungusha chai asiinywe. "Mimi nami niliuona. Nilikuwa naomba Mungu wewe usiwe umeuona, maana ungesema tu, ningelazimika kuingia. Mbwa alishanitia hofu, Assumpta. Uliponituma njia panda nilikimbia kama mtu aliyefunguliwa kamba." Kisha, bila kuinua macho: "Yale maneno ya geti na kichochoro, mimi ndiye niliyeyaanza. Ilikuwa rahisi wakutazame wewe."

Hasira ilimpanda Assumpta. Alimtazama yule mtu mkubwa aliyekunjamana kwenye kiti cha plastiki, akafikiria kumfukuza, akafikiria pia kumwambia kwamba kuogopa siku ile ndiko kulikombakizia mama yake mtoto. Alilisema la pili, tena kwa sauti kavu, na hakuongeza kwamba amemsamehe kwa sababu hakuwa na uhakika. Alimtaka jambo moja: aliyoyasema pale akamwambie mama yake kwanza, halafu akayaseme kule alikoyaanzia.

Colm alifanya yote mawili. Kwa Mama Nuala alilia, inasemekana. Kwenye baa alisimama Ijumaa moja akayatamka akiwa hajanywa. Maneno ya watu yakapungua, ingawa hayakuisha, maneno hayaishi. Assumpta sasa huenda na gari la wagonjwa zamu tatu kwa wiki. Kuna nyumba anazopokewa vizuri, na kuna nyumba mbili tatu ambako mlango ukifunguliwa mtu humtazama yeye kwanza, halafu mwenzake wa zamu, akitumaini huyo mwenzake ndiye atakayeingia. Naye Assumpta huingia, akishajiridhisha kwamba ndani ni salama.

Mwisho wa Januari iliyofuata, Colm alipita shamba hadi shamba kuwaambia wanaume watoe ng'ombe kwanza, wangoje upepo, na mashine ikianza kukoroga wakae mbali nusu saa nzima, hata mnyama akianguka. Wengine walimsikiliza. Wengine walisimama kizingitini wakimpima juu hadi chini, wakijiuliza huyu anauza nini.