Komando Mwekundu na Meno ya Ndugu Yangu

Mwezi wa Machi mwaka huu, komando wa plastiki niliyempoteza nikiwa na miaka kumi na moja alirudi mkononi mwangu. Mguuni alikuwa na alama za meno ya marehemu ndugu yangu.

Nililia. Mimi fundi simu, wateja wamekaa kwenye benchi wananitazama, nililia kama mtoto.

Siku tisa baadaye nikatamani asingerudi.

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana najua wako watakaocheka.

Mimi naitwa Swabir, kwetu Msambweni. Nakusanya midoli ya kizamani: makomando, maroboti ya bati, vile tulivyochezea utotoni. Siku hizi kuna mipya inayotengenezwa kwa sura ya zamani. Hiyo siitaki hata bure. Mke wangu Twaiba huiita midoli yangu "wake wenzangu".

Yote yalianza na Komando Mwekundu.

Baba alikuwa dobi katika hoteli moja Diani. Alimkuta kwenye mfuko wa kaptura ya mtoto wa mgeni, na wageni wenyewe walikuwa wameshapanda ndege. Mpira wa kiunoni ulikuwa umekatika. Baba akafungua skrubu mgongoni, akamfunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akanipa mimi.

Mdogo wangu Iddi, miaka tisa, roho ilimuuma.

Jumamosi moja asubuhi tulimgombania. Iddi kwa hasira akamng'ata mguu wa kushoto. Zikabaki alama za meno matatu na nafasi katikati, maana jino lake moja la mbele lilikuwa limeng'oka juzi yake.

Nikamficha chini ya godoro, tukaenda chuoni kusoma Kurani. Tuliporudi hayupo.

"Iddi, mtoe!"

"Wallahi sikumchukua, kaka."

"Mwizi haoni tabu kuapa."

Nyumba ilipinduliwa juu chini. Hata Boga, rafiki yangu wa nyumba ya pili, alikuja kunisaidia kutafuta, na siku hiyo alikuwa hakwenda chuoni kwa kuumwa tumbo. Aliinama mpaka uvunguni, maskini.

Tangu hapo, kwetu kikipotea kijiko, ni Iddi. Ikipotea sindano, ni Iddi. Nilikuwa nikitania, lakini ni mimi niliyekuwa nacheka. Yeye hakucheka hata mara moja.

Iddi alifariki akiwa na miaka ishirini na sita, kwa ajali ya pikipiki.

Kwetu, kabla jeneza halijaondoka, watu huulizwa: kuna anayemdai marehemu? Kama yuko aseme, au amsamehe.

Nikajibu kwa sauti, "Mimi ndugu yangu nimemsamehe."

Watu walidhani ni maneno ya adabu tu. Mimi nilikuwa namaanisha yule komando. Boga alikuwa kando yangu, akanishika bega.

Sasa sikilizeni jambo hili.

Mtu aliyepotelewa na mbuzi hataji alama zake sokoni. Anangoja yule anayedai kumwona azitaje. Nami ndivyo nilivyofanya. Katika kundi letu la wakusanyaji kwenye WhatsApp nilitangaza miaka nenda miaka rudi: namtafuta komando mwekundu, ana alama, nitaijua mwenyewe nikiiona. Alama yenyewe sikumwambia mtu. Hata Boga, ambaye naye ni mkusanyaji mwenzangu, sikumwambia.

Boga ana studio ya picha pale Kona ya Musa, Ukunda. Mwezi huo wa Machi alikuja kwenye kibanda changu akiwa na mfuko wa khaki.

"Swabir, ndugu yangu, keti kwanza."

"Kuna nini?"

"Nimemkuta sokoni Kongowea, Mombasa, kwenye robota la midoli ya mitumba. Hebu mtazame."

Nikamgeuza mguu wa kushoto. Meno matatu, nafasi katikati. Machozi yakanishuka palepale.

Boga akasema hataki pesa. Anataka tubadilishane, nimpe roboti wangu wa bati, yule ambaye hajatoka kwenye boksi lake. Alikuwa akimtamani miaka sita. Nilimpa hata sikufikiri, nikamkumbatia na kumwombea dua juu yake.

Siku ya tisa nikaona kiuno chake kimelegea. Nikachukua bisibisi nimfungue, niione tena ile tyubu aliyoifunga Baba kwa mkono wake.

Tyubu haikuwamo.

Ndani mlikuwa na mpira mweupe, mpyaaa. Nje plastiki ilikuwa imechujuka, ndani inang'aa. Na kifuani kwa ndani umepigwa muhuri wa mwaka: mwaka juzi!

"Twaiba! Njoo uone nilivyouziwa mbuzi kwenye gunia!"

Twaiba akamnusa. "Huyu ameroweshwa kwenye chai ya rangi, kisha akaanikwa juani."

"Masikini Boga, wamemwingiza mjini huko Kongowea. Ngoja nimpigie."

"Weka simu chini kwanza," Twaiba akasema. "Hiyo alama ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Basi aliyeichonga aliiona wapi?"

Nikaiweka simu chini. Iddi alimng'ata asubuhi, na jioni komando hayupo. Asiyeishi nyumbani kwetu hakuwahi kuuona mguu ule. Ila aliyemchukua.

Tumbo! Siku ile Boga aliumwa tumbo!

Sijui nilifikaje Ukunda. Nilimkuta Boga anafuta vumbi kioo cha kabati lake, roboti wangu amekaa rafu ya juu. Nikamweka yule komando wa bandia juu ya meza, kifua wazi.

"Boga, mtoe mwenyewe."

Hata hakubisha. Alivuta droo ya chini kabisa akakunjua kitambaa. Alikuwa yeye. Kupitia upenyo wa kiunoni niliiona tyubu nyeusi ya Baba.

"Tulikuwa watoto, Swabir."

"Watoto? Mwaka huu ulikuwa mtoto?"

"Nilitaka kukurudishia. Kila nikimshika mkono unakataa. Nikaona nikupe wa kufanana naye, roho yako itulie."

"Na roboti wangu?"

Akainamisha kichwa.

"Siku ya maziko, niliposema nimemsamehe Iddi, ulikuwa wapi?"

"Kando yako."

"Ulijua namsamehe nini?"

"Nilijua."

Wallahi nilitaka kumpiga, mikono ikakataa. Huyu ndiye tuliyekula naye sahani moja, kanzu yangu ya harusi alinivalisha yeye. Aliniacha nimzike ndugu yangu na jina la wizi, kisha akanishika bega! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Nikamchukua Mwekundu. Roboti nilimwachia, sikutaka tena kitu alichokitazama kwa macho yake.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeparara hivyo?"

Nikamwambia yote. Nikamlaani Boga, nikamwita mnafiki, nikasema sitamsamehe mpaka kiama. Mama akanyoosha mkono. Akampokea komando, akapitisha kidole gumba mguuni, taratibu.

"Pengo la mwanangu hili," akasema.

Kisha akaniangalia.

"Boga aliiba mdoli, Swabir. Jina la mwizi nani alimpa Iddi?"

Akaendelea kuupapasa mguu ule.

"Alikuapia kwa Mungu. Aliishi miaka kumi na saba akikungoja useme umemwamini. Wewe ukaja kumsamehe mbele za watu."

Boga amepiga simu mara nyingi tangu siku hiyo. Anataka radhi. Sipokei, sijafika huko. Lakini kila simu ikilia nakumbuka kwamba yeye angalau ana wa kumpigia.

Ukipotelewa na kitu, kitafute hicho kitu. Usiharakishe kutafuta wa kumtwika. Kitu huweza kurudi hata baada ya miaka thelathini. Iddi wangu harudi, na radhi yake nimeikosa.