Gari Yetu Inaogopa Mvua

Gari yetu ina tabia ya paka. Jua likiwaka inatoka, inazunguka, inapiga kelele mtaa mzima. Mvua ikinyesha, haitaki. Unageuza ufunguo inalia nye-nye-nye-nye-nye, kama mtoto anayetaka nyonyo na mama yake yuko sokoni, halafu kimya. Mimi naweza kuiiga vizuri kabisa. Siku moja nililia hivyo nikiwa chooni, mkwe wangu, mume wa binti yangu, akatoka mbio nje bila viatu, anafikiri mwizi yuko ndani ya gari. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tulipewa na shemasi wa kanisa letu alipohamia Brisbane. "Mama, hii gari itawasaidia sana," alisema, na ile sauti yake ya siku ya sadaka, nzito, imetoka tumboni. Itatusaidia, ndiyo. Hakusema siku gani.

Mimi sikuwa na shida na gari. Shida yangu ni macho. La kulia lina mtoto wa jicho, amekaa humo kama pazia la chooni, unaona mwanga lakini mtu humjui. La kushoto nalo limeanza kumfuata mwenzake. Wakati ule bado nilikuwa napika. Halafu siku moja nakata mboga za lenga-lenga tulizonunua sokoni Cabramatta, nakata, nakata, nikaona zimekuwa nyekundu. Kumbe ni kidole changu. Binti yangu akapiga kelele kama vile nimekufa, akaninyang'anya kisu.

"Mama, kuanzia leo ukae. Mimi nitapika."

"Nikae wapi?"

"Kwenye kiti, Mama! Viti vimejaa nyumba nzima!"

Basi nikakaa. Nyie mnaojua kusoma mna vitabu, mna simu, hamjui maana yake. Mimi shule sijaenda hata siku moja. Kazi yangu duniani ilikuwa kulisha watu. Nililisha watoto Congo, nikawalisha miaka kumi na nane kambini Kigoma kwa mahindi ya mgao, nikaja kuwalisha huku. Ukimnyang'anya mtu kama mimi kisu, umemfanya mgeni. Mgeni anakaa kwenye kiti, anaulizwa, "Chumvi imefika?"

Ndiyo maana ile barua ya hospitali ya Westmead ilipofika niliiweka chini ya mto wangu. Nilikuwa nimeingoja mpaka nikasahau kama naingoja. Binti alinisomea: Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, jicho la kulia, usile kitu. Daktari alishaniambia zamani, na sauti yake ya puani, "Very simple, my dear, very simple," huku ananipapasa bega kama ng'ombe wa kuuzwa. Nilimwambia binti, jicho likifunguka, kisu changu nakitaka siku ileile. Akacheka. Akasema, "Utakipata, Mama."

Wiki ile mvua ilinyesha kama mtu amesahau kufunga bomba. Na kazini kwa binti, kwenye nyumba ya wazee, wakamwita afanye zamu mbili mfululizo, usiku mpaka mchana. Simu zao wanazifungia kabatini. Kwa hiyo wa kunipeleka akawa mkwe.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawachezeani. Hatuangaliani machoni, hatukai kiti kimoja, na jina langu yeye halitaji. Halitaji kabisa, hata nikiwa kaburini. Alipokuja kuoa, kule kambini, alikosea mara moja tu, akanitaja mbele ya wazee. Mimi mwenyewe nilimtoza jogoo. Na jogoo kambini si mchezo. Tangu siku hiyo amenyooka. Nikitaka kumwambia neno naliambia birika, yeye anasikia. "Wee birika, mwambie baba wa wajukuu wangu sukari imekwisha." Na yeye anajibu akiangalia dirisha, "Sawa, Mama." Tumeishi hivyo nyumba moja, na tumeishi vizuri.

Usiku wa Jumatano alirudi kutoka kazini Smithfield, kwenye ghala, mvua imemfuata mpaka mlangoni. Hatuna gereji. Akasema na dirisha, "Mama, gari naifunika vizuri, isilowe." Akachukua turubai, akaifunika mbele yote na injini bado ya moto, akafunga na kamba. Sisi watu wa kambi, turubai ndiyo dawa yetu ya kila kitu. Nyumba turubai, maiti turubai, mahindi turubai. Nilimsifu mbele ya birika.

Asubuhi giza halijaisha vizuri tuko nje. Mimi nimevaa kitenge cha sherehe, nimekaa nyuma, barua mkononi. Akafungua turubai, akaingia, akageuza.

Nye-nye-nye-nye-nye.

"Baba yangu," nikasema na kioo, "huyo mtoto hajanyonya."

"Itawaka, Mama."

Nye-nye-nye. Nye-nye. Nye. Kila mara inazidi kuchoka, kama mzee anayepanda ngazi. Akafungua boneti, akasema ni batri. Akashika waya, akakaza, akageuza tena. Hapana. Akasema ni mafuta. Akanusa. Mafuta yapo, yananuka mpaka mimi kule nyuma nasikia. Akasema labda ni baridi. Nikaiambia barua, "Baridi! Kwani gari ina mapafu?" Hakucheka. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Akaita teksi kwa simu. Simu ikasema dakika kumi na mbili. Halafu ikasema ishirini na tano. Halafu dereva akafuta, simu ikalia ti-dii! kama inashangilia. Akaita nyingine, nayo ikafutwa. Treni ndiyo usiseme, maji yalikuwa juu ya reli, zimesimama.

Jirani yetu ni mzee wa Vietnam. Zamani alikuwa fundi, siku hizi watoto wake wamemnyang'anya ufunguo wa gari, kama mimi na kisu. Alisikia ile nye-nye akashindwa kuvumilia. Akaja na ndala na mwavuli wa maua.

"Stop! Stop! You kill battery!" Ana sauti ya kuku anayefukuzwa jikoni, juu, juu, halafu inakatika. Akaniona ndani. "Hello Mama! Why you beautiful today?"

Nikamwonyesha jicho. Akaacha utani.

Alimwambia mkwe ageuze mara moja tu, yeye akainama chini ya boneti na mwavuli wake. Mkwe alinieleza baadaye, cheche zilikuwa zinarukaruka nje ya nyaya, hazifiki kwenye bujii za kuwashia injini. Kuna kikombe kimoja cheusi, cha plastiki, ndicho kinachogawa moto. Mzee alikifungua, ndani kumejaa jasho kama kifuniko cha sufuria ya wali. Akashika lile turubai, akampiga nalo mkwe begani. "Hot engine! You cook! You cook with this!" Kumbe lile turubai ndilo lililokuwa limeifukiza usiku kucha. Ingelowa mvua tu pengine ingekuwa afadhali. Mkwe alisimama pale kama mtoto aliyevunja chungu. Mzee akakimbia kwake kuleta mashine ya kukaushia nywele ya mke wake, na waya mrefu wa umeme, na yeye na mkwe wakashikilia mwavuli juu yake.

Hapo ndipo simu ililia. Ilikuwa hospitali. Saa ya kufika ilikuwa imepita zamani.

Mkwe alijibu, Kiingereza chake cha ghalani, kifupi kifupi. Nilisikia sauti zote, dirisha lilikuwa wazi, maneno mkwe alinieleza baadaye, naye mwanamke wa simu sauti yake kubwa, tamu, inapanda mwisho wa kila neno kama kila kitu ni swali.

"Yes, yes, coming. Car problem. Rain."

Akaulizwa jina la mgonjwa.

"She is mother of my wife."

Jina lake kamili?

"Mother of my wife," akasema. Akatoa tarehe ya kuzaliwa, tarehe moja mwezi wa kwanza. Hiyo ndiyo tarehe yetu sisi wakimbizi wote, kanisa letu nusu tumezaliwa siku moja. Mwanamke akasema tarehe hiyo anaiona kwa watu kadhaa, bila jina hawezi kuendelea. Mkwe akatoa anwani. Akatoa mtaa. Akasema jicho, la kulia. Nilimwona kwa lile jicho langu lililobaki, anafungua mdomo, anafunga. Anafungua, anafunga. Maji yanashuka kwenye pua yake.

Mimi ningeweza kusema, "Baba, taja, nimekusamehe." Ni maneno matatu. Sikusema. Nilikaa nimenyooka na kitenge changu, na ndani ya moyo, niwaambie ukweli, nilifurahi. Nilisema, tazama mkwe wangu, anayo heshima mpaka huku Ulaya ya mbali.

Akageuza uso, akaninyooshea simu kupitia dirishani.

Nikataja jina langu. Hilo nalijua. Mwanamke akafurahi, "Lovely!" Halafu akaniuliza kitu kirefu. Kwenye karatasi zao tulijaza kwamba mkalimani hahitajiki, binti atakuwepo. Nikasema, "Yes." Akauliza kingine, cha pole pole, chenye huruma. Nikasema, "Yes, darling." Akacheka. "No worries, you take care," akakata.

Nikamrudishia mkwe simu. "Amefurahi," nikaliambia dirisha. "Wanatungoja."

"Asante, Mama," akasema, na nikaona mabega yake yameshuka.

Saa tatu na nusu gari iliwaka. Mzee wa Vietnam alicheza kidogo kwenye maji, na ndala zake. Barabara yote mkwe anaendesha, mimi naimba polepole nyuma.

Westmead tulizunguka kutafuta pa kuegesha, tukapanda lifti, tukafika dirisha la mapokezi. Kijana wa pale alikuwa na sauti ya pole, kama ya padri anayeongea na mfiwa, nikajua kabla mkwe hajatafsiri. Aliangalia kompyuta. Akaangalia tena. Akaongea. Mkwe akauliza. Akaongea tena, akigeuza kompyuta tuione, kama mimi ningeona.

Mkwe akauambia ukuta, "Mama, wanasema waliuliza kama hutaweza kufika leo. Ukasema ndiyo. Wakauliza kama nafasi apewe mwingine. Ukasema ndiyo."

"Na huyo mwingine?"

"Ameshaingia."

"Mwambie nitangoja. Nitakaa hapa chini."

Alimwambia. Yule kijana akatikisa kichwa, akasema pole, pole sana. Jina langu linarudi kwenye orodha, barua itakuja.

"Lini?"

Mkwe hakutafsiri swali hilo. Nilimvuta shati. Ndiyo mara ya kwanza kumgusa. Akauliza. Yule kijana akainua mikono yote miwili, akaishusha.

Tukarudi kwenye gari. Mvua ilikuwa imekatika, gari ikawaka mara ya kwanza, haina hata aibu. Tulipofika kwenye taa nyekundu mkwe akauambia usukani, "Ningetaja."

Niliikunja barua.

"Mama, ningelitaja tu. Ningemwambia mimi mwenyewe kwamba tunakuja."

"Ungelitaja ningekutoza jogoo," nikasema. Nilitaka iwe utani. Sauti ilitoka vibaya. Mimi ninayeiga sauti za watu wote, ile yangu siku hiyo sikuijua. Yeye akalia, huku anaendesha, kimya, anapangusa na mkono wa shati. Mwanaume mzima. Na mimi siruhusiwi kumshika begani.

Mchana binti alirudi, amechoka, bado na nguo za kazi, akakimbilia chumbani kwangu kuangalia bandeji. Hakuna bandeji. "Mama, imekuwaje?"

Nikasema, "Gari."

Mkwe, kutoka sebuleni, akasema, "Gari."

Binti akatoka nje akaipiga teke. Akaitukana kwa Kibembe, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza. Nasi tukamsaidia kuitukana, mimi ndani, mumewe mlangoni. Hatujamwambia mpaka leo. Tungemwambia, angemchukia nani kati yetu wawili?

Barua ilikuja baada ya miezi. Mkwe ndiye aliyeisoma, akiangalia dirisha. Inasema bado nipo kwenye orodha. Ikifika zamu wataandika. Jicho la kushoto nalo nikapimwe upya, maana limeharibika kuliko walivyoandika mwanzo. Hilo nalijua, sihitaji barua. Siku hizi nikisimama mlangoni simjui mtu mpaka aongee.

Jumamosi iliyopita nilisikia binti anakata vitunguu. Anakata vibaya, vipande vinene, tok, tok, tok, unasikia kabisa. Nikapapasa meza mpaka nikapata mkono wake.

"Nipe kitunguu kimoja tu. Kisu nitakiongoza kwa vidole, sihitaji kuona."

"Mama."

"Kimoja."

"Mama, tafadhali. Kaa."

Nikarudi nyuma, nikatafuta kiti kwa mkono, nikakaa.