Vifungo vya Langoni

Uongozi wa kiwanda cha mashati unapenda kuwakumbusha wafanyakazi wote kwamba upekuzi wa mikoba langoni ni wa bahati nasibu, haumtazami mtu rangi, na lengo lake ni kulinda mali ya kampuni. Hivyo ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa ukutani, nyuma ya kiti cha mpekuzi.

Mpekuzi mwenyewe, mwanamke mweusi waliyempachika jina la Mama Mikoba, alikuwa amekaa amelipa mgongo tangazo hilo kwa miaka kumi na moja. Muda wote huo bahati iliwaangukia weusi peke yao. Weupe wa ofisi za juu walipita wakimpungia mkono, kwani msimamizi alishamnong'oneza siku ya kwanza, "Wale usiwasumbue." Naye hakuwasumbua. Sasa ilibaki miezi minane astaafu, na hakuona sababu ya kujipalia makaa.

Kisha mke wa mwanawe akaajiriwa kushona kola. Ikawa kila jioni Mama Mikoba anafunua hotipoti ya mkwewe, aliyoijaza mwenyewe asubuhi, na kuichungulia kwa makini.

"Mama, unatafuta nini humo? Si ulijaza wewe?"

"Nyamaza, mwanangu, niko kazini. Ni bahati nasibu."

"Siku ishirini na mbili mfululizo! Kwa bahati hii si ningekuwa na gari saa hizi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama Mikoba akageuka, akalisoma tangazo mpaka mwisho.

Kesho yake alikuja na mfuko wa kitambaa uliojaa vifungo vya shati, vyekundu na vya bluu. Kila anayetoka atumbukize mkono bila kuchungulia. Akitoa chekundu, anapekuliwa; akitoa cha bluu, safari njema. Mambo yalikwenda vizuri hadi alipofika meneja, mmoja wa wale weupe wa juu.

"Na mimi?"

"Imeandikwa wote, bosi. Na sahihi ni yako."

"Unajua naweza kukufukuza?"

"Najua. Tumbukiza mkono, bosi, wenzio watachelewa basi."

Watu mia mbili walikuwa wakimtazama. Akatumbukiza. Chekundu.

Mkobani mlikuwa na gazeti, miwani, na roli nne za karatasi za chooni zenye muhuri wa kiwanda.

"Nina mafua," alisema meneja.

"Pole sana, bosi," alijibu Mama Mikoba, akafungua daftari na kuandika taratibu, kwa mwandiko mzuri.

Mama Mikoba hakufukuzwa. Barua ya kumfukuza ingelazimika kutaja kosa lake, na hakuna aliyejitolea kuiandika. Wiki iliyofuata upekuzi ulifutwa kwa wote, ili kuokoa muda, na yeye akahamishiwa mapokezi hadi siku ya kustaafu.

Tangazo bado liko ukutani. Daftari la vitu vilivyokamatwa nalo lipo, la miaka yote kumi na moja, na lina mstari mmoja.