Mashina Sita Nyuma ya Meko

Siku ya kwanza nilipomwona Marcella, Januari 1986, alikuwa anasukuma mkokoteni kuelekea lango la shule niliyofanyia kazi hapa Kaaga. Juu yake kulikuwa na sanduku la nguo na madebe sita yaliyokatwa nusu, kila moja na mpilipili uliozaa mpaka ukainama. Bawabu akamwuliza kama amekuja kupika au kulima.

“Nimekuja kupika,” akasema. “Hii ni nusu ya kupika.”

Nilikuwa nafyeka nyasi kando ya njia. Nilicheka moyoni tu, maana mimi si mtu wa maneno.

Alitoka Siakago, kwenye joto. Mipilipili ile aliiotesha kwa mbegu za ua wa mipilipili uliozunguka nyumba ya mama yake, na ua wenyewe ndugu zake walikuwa wameshaung’oa. Tulimwambia Julai itaimaliza. Huku kwetu ukungu hushuka kutoka mlimani, jua hupotea wiki nzima, na manyunyu huozesha mizizi. Ukipanda mbegu mwezi wa Machi, maua hutoka wakati wa baridi na yote hudondoka.

Yeye hakupanda mbegu. Alihifadhi miti mizee. Kila mwisho wa Mei aliikata mpaka yakabaki mashina ya shubiri mbili, akanyonyoa majani yote, akapanga madebe ndani ya stoo ya kuni, yakiegemea ukuta wa nyuma ya meko. Matofali ya pale hayapoi hata usiku. Jumapili baada ya kanisa aliipa kila mmoja kikombe cha maji vuguvugu, na hakuna kingine. Ukiitazama ungeapa ni vijiti vya kuwashia moto. Lakini Septemba vilichipua, na Novemba githeri yetu, mahindi na maharagwe, ilikuwa na pilipili. Ilikuwa hivyo kwa miaka tisa.

Julai 1995 Marcella alikwenda Siakago kumzika shangazi yake. Nadhani alikuwa hata hajafika huko, naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Kiogora, akaniita. Wageni wa idara ya elimu walikuwa wanakuja, na alitaka njia ipangwe maua mekundu kwenye madebe yaliyopakwa rangi nyeupe. Akafungua stoo ya kuni, akaona madebe.

“Bundi,” akaniita kwa jina langu, “mwaga hivi vitu vilivyokufa.”

Nilijua havijakufa. Nilikohoa. Akaniuliza kama nina kifua. Nikasema hapana, Mwalimu.

Niliimwaga mitano. Nilikung’uta udongo kwenye mizizi yake, nikaitupa kwenye shimo la takataka, kwenye manyunyu, kwa mikono yangu hii. Wa sita niliuficha na debe lake chini ya gunia katika kibanda cha majembe, nikamwambia Mwalimu debe hilo limetoboka. Huo ndio ujasiri wote niliokuwa nao.

Mpaka leo nikikumbuka nachemka. Mtu amesoma mpaka chuo, anafundisha watoto sayansi, na hakuona haja ya kukwaruza gome kwa ukucha. Angekwaruza angeona kijani. Alitazama tu, akiwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, akahukumu. Na wageni wenyewe njia ile hawakuipita, kwa sababu gari liliwashusha mlangoni pa ofisi. Walipoletewa chakula, mmoja wao akauliza kama kuna pilipili.

Marcella alirudi baada ya siku nane. Nilimwona amechuchumaa shimoni, anakwaruza shina moja baada ya jingine. Kahawia. Kahawia. Yote matano. Bawabu alikuwa ameshamwambia ni amri ya nani. Hakulia. Alinawa mikono, akavua aproni, akaenda moja kwa moja chumba cha walimu wakati wa chai.

“Mwalimu,” akamwambia Kiogora mbele ya wote, “ukimkuta mwanafunzi amelala darasani, wewe humzika?”

Walimu wengine waliinamia vikombe vyao wafiche kicheko. Kiogora akasema jikoni si shamba. Kesho yake Marcella aliambiwa aandike barua ya kuomba msamaha, la sivyo aondoke. Akajibu kwamba yeye huandika kwa mwiko, na waliotaka kusoma walikuwa wamekula miaka tisa. Hakuna aliyemtetea. Walimu waliokula pilipili yake na kuomba ya kupeleka nyumbani, wote walikuwa na vipindi asubuhi hiyo. Nami nilikuwa nafyeka.

Alipokuwa anatoka langoni na sanduku lake, nilimletea debe la sita, bado limefunikwa gunia. Nilitaka kumweleza yote, nikakohoa tena. Akakwaruza shina. Kijani. Akanirudishia debe mikononi.

Nilimwambia ni lake, alichukue. Akatikisa kichwa. Huko Siakago, akasema, pilipili huota zenyewe. Ni huku ndiko zinakohitaji mtu.

Sikumwona tena. Miaka miwili baadaye nilisikia amefariki. Mti ule uko nyuma ya meko ya mke wangu, Mama Kawira, na maneno aliyoniachia siku ile nayajua kwa moyo:

“Baba Kawira, kikombe kimoja Jumapili, kisizidi. Na akija mtu kukuambia mti huu umekufa, usikohoe. Sema.”