Mpira Ulioanza Kuanguka

Kiganja changu cha kushoto ni kinene kuliko cha kulia, na kidole cha shahada hakikunjiki vizuri mpaka leo. Ni kiganja cha mdakaji. Wasomaji wengi wa lugha hii hawaujui mchezo wa besiboli, kwa hiyo nitasema mawili, yatatosha. Kuna mrushaji, anayesimama kwenye tuta na kuvurumisha mpira mdogo, mgumu. Kuna mdakaji, anayechuchumaa ng'ambo ya pili na kuupokea kwa glavu, mpigaji mwenye rungu akiukosa. Mrushaji hupigiwa makofi. Mdakaji hupata magoti mabovu.

Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, na mpaka nafika Brussels kama mkimbizi sikuwa nimewahi kuona mchezo huo. Jirani alinipeleka uwanjani Auderghem, karibu na msitu, siku ambayo mdakaji wao alikuwa mgonjwa. Hakuna aliyetaka kuchuchumaa. Nikachuchumaa mimi, na nikabaki hapo miaka kumi na tisa.

Magoti yalipokataa mechi, klabu iliniachia kazi moja: kuwapasha moto warushaji. Kila mkono wa klabu, kuanzia watoto wa miaka kumi na minne hadi watu wazima wa timu ya kwanza, ulipita kwenye kiganja changu jioni tatu kwa wiki, baada ya zamu yangu ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Ukidaka mipira ya mtu mwaka mzima unamjua kuliko mama yake. Unajua kama amelala. Unajua kama anaogopa. Nilikuwa na daftari, na nikifika nyumbani niliandika kwa Kiswahili kile kiganja kilichoniambia. "Mpira wake unaamka ukikaribia kufika." "Huyu mvivu, ila Mungu amempa bega." Mambo ya namna hiyo.

Sasa nije kwa yule mzee.

Alikuwa mkurugenzi wa ufundi wa klabu, Mbelgiji aliyezaliwa Katanga na kukulia huko mpaka ujana. Alijua Kiswahili, lakini Kiswahili alichojifunza nyumbani kwao kwa watumishi, kwa hiyo kilikuwa amri tupu. Leta. Ngoja. Kaa. Upesi. Sikuwahi kumsikia akiuliza swali kwa lugha yangu, wala kushukuru. Nilipochuchumaa kumsubiri mrushaji alinyoosha kidole na kusema "Kaa!" kana kwamba nisingejua kukaa bila yeye. Wenzangu Wabelgiji walidhani tunataniana. Nilicheka nao, na moyoni nikaweka.

Kila mwaka baridi ikielekea kwisha, mzee huyo alipaswa kuipelekea kamati taarifa ya kile tulichokiita kitalu, yaani timu za vijana na timu ya pili. Swali lilikuwa upana wa kikosi: tuna warushaji wangapi wanaopanda, tuna wadakaji wangapi nyuma yao, na mmoja akiumia nani anaingia. Kamati iliamua kwa taarifa hiyo kama tumlete mrushaji kutoka nje au tuwatumie wetu. Ndiyo maana siku moja aliniambia, "Leta kitabu." Alikuwa ameniona nikiandika. Nikampa daftari. Katika klabu nzima ni yeye peke yake aliyeweza kulisoma, na mimi nikaona ni heshima. Ujinga wangu.

Mwaka huo nilikwenda kwenye mkutano kupanga viti. Nilikuwa bado nasukuma cha mwisho nilipomsikia akisema kwa Kifaransa, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi, kwamba mpira wa kijana fulani unaamka ukikaribia kufika. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti akasema hakuna jicho kama la mzee. Jicho! Mkononi nilikuwa na uvimbe wa mipira ya kijana huyo.

Nilichukua nakala ya taarifa kutoka mezani nikaisoma ndani ya tramu. Maneno yangu yalikuwemo, kurasa nne. Jina langu nililitafuta kwenye orodha ya walimu, halipo. Kwenye wadakaji, halipo. Nililikuta ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa cha vifaa, baada ya ndoo za mipira na kabla ya mashine ya kuchorea mistari.

Nilimchukia siku hiyo, na sikuacha. Mwaka wa pili akafanya vilevile, na wa tatu. Nilimpa daftari kila mara, kwa sababu nilikuwa nasubiri. Waswahili husema subira yavuta heri. Yangu haikuwa ya heri.

Heri yangu mbaya ilikuja mwaka wa nne, kwa mkono wa binti mmoja. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrushaji wa mkono wa kushoto, msichana peke yake katika timu ya vijana. Mama yake alikuwa wa Bujumbura kama mimi, akiwahudumia wazee majumbani, na walikaa Ganshoren, upande wa pili wa jiji. Binti aliniita tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. Kila akimaliza kurusha alikuja kuniuliza, "Tonton, mukono unasema nini leo?" Nilimjibu kweli, na yeye alikuwa mmoja tu katika klabu aliyewahi kuniuliza.

Mwezi wa pili tulikuwa bado tunafanya mazoezi ndani ya ukumbi. Ilikuwa Ramadhani, nimefunga. Mpira wake wa tatu jioni hiyo ukafika na sauti nyingine. Siku zote ulipiga glavu ukalia kama mlango uliobamizwa. Siku hiyo ulijibwaga tu, na kabla ya kufika ulizama, kiasi cha upana wa kiganja. Wa nne, vilevile. Wa tano.

Mzee alikuwa nyuma ya wavu na kile kifaa chake cha kupimia kasi. Akapiga kelele kwa furaha. Kasi imepungua kidogo, alisema, lakini tazameni unavyoanguka, nani atauweza? Mtoto amegundua mpira mpya!

Hakuwa amegundua kitu. Kiwiko chake kilikuwa kimechoka, akawa anaushusha mkono ili usimuume, na mkono ukishuka, mpira huzama. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara moja, kwa mtu mzima ambaye mwishowe hakuweza kuchana nywele zake kwa mkono ule. Anayetazama kwa macho anaona zawadi. Mdakaji anasikia ugonjwa. Nilimtazama binti akiondoka: begi lake, ambalo siku zote alilibeba kushoto, alikuwa amelibeba kulia.

"Tonton, mukono unasema nini?"

"Endelea hivyohivyo," nikamwambia.

Nilijua ninachofanya. Sitasema shetani alinipitia, maana wanasema katika Ramadhani huwa amefungwa. Nilikuwa nimefunga tumbo peke yake. Nyumbani, baada ya kufuturu, nilifungua daftari nikaandika: "Mpira wake umeanza kuanguka mwishoni. Zuri sana." Nikaweka tarehe, kama kawaida yangu. Nilitaka mzee ameze ndoano nzima. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane kabla ya mkutano. Angesimama mbele ya kamati kuusifu mkono ulioumia, na mimi ningesimama baada yake niseme kweli.

Katika siku hizo kumi na nane binti alinirushia mara saba. Niliidaka mipira yote.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi katika moja ya maghorofa ya ofisi kando ya kituo cha treni cha Gare du Nord, alikofanya kazi mwenyekiti. Nilipanga viti. Safari hii, baada ya kupanga, nilikaa kwenye kimoja. Mzee akasoma. Kitalu chetu, alisema, kina warushaji watano na wadakaji wawili wa kuaminika. Hatuhitaji mtu wa kutoka nje. Msimu utafunguliwa na binti wa mkono wa kushoto, ambaye mpira wake umeanza kuanguka mwishoni, jambo zuri sana.

Nikasimama. "Mkono huo ni mgonjwa," nikasema kwa Kifaransa. "Una warushaji wanne, si watano. Bwana mkurugenzi, lini umewahi kuudaka mpira wake hata mmoja?"

Akageuka, akanyoosha kidole. "Kaa!"

Sikukaa. Nikaeleza kuhusu kiwiko, sauti, na begi. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa mtaalamu wa viungo, na nilimwona anaacha kuandika na kunisikiliza. Mzee naye alimwona. Akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa daftari langu, akalipiga mezani. "Lakini ni yeye mwenyewe aliyeandika!" akasema. "Yote haya ameandika yeye!"

Nadhani alisikia alichosema baada ya kukisema. Miaka minne ya jicho lake kali ilikuwa imelala pale mezani, kwa mwandiko wangu.

Mwenyekiti akalifungua, akaligeuza huku na huku, akaniuliza ukurasa ule unasema nini. Nikamtafsiria. "Mpira wake umeanza kuanguka mwishoni." Nikaishia hapo.

"Na lingine! Soma lingine!" mzee akasema. Kulikuwa na watu tisa mle ndani, na wawili tu ndio waliojua kwamba maneno "Zuri sana" yamebaki. Hakuna aliyemwamini. Sura yake ilikuwa nyekundu, na mimi nilihisi utamu ambao sijaupata tena. Siombi radhi kwa utamu huo. Ningeweza kumfanyia tena kesho asubuhi, kabla ya chai.

Binti akapelekwa hospitali. Kano ya kiwiko ilikuwa imechanika nusu. Daktari alisema angeletwa mapema zaidi, pengine kupumzika kidogo kungetosha. Sasa ni msimu mzima bila kurusha, kisha tutaona. Mzee naye akaombwa apumzike, moja kwa moja. Cheo chake nikapewa mimi.

Alipoondoka alilichukua daftari, hakunirudishia. Sikulidai. Nilidhani amelitupa kwa hasira. Kumbe naye alikuwa na chuki yake ya kulisha, na alikumbuka nilichosahau, kwamba jijini humu si sisi wawili tu tunaosoma Kiswahili. Alipanda basi mpaka Ganshoren akamkabidhi mama wa binti daftari, kidole kikiwa kwenye ukurasa.

Mama yule alikuja kazini kwangu, saa ya mapumziko, nikiwa mlangoni mwa chumba cha kufulia. Hakunisalimia. Alifungua daftari akasoma kwa sauti, pamoja na tarehe.

"Papa, ulijua?"

"Mama, nisikilize kwanza..."

"Non. Ulijua ao haukujua?"

"Nilijua."

"Siku dix-huit, kumi na nane. Mutoto wangu alikuwa anashindwa kushika kijiko, ananiambia, tonton amesema niendelee. Mimi nikamwambia, bon, kama tonton amesema, endelea. Tonton ni muntu wa kwetu." Akafunga daftari, akaliweka juu ya rundo la mashuka safi. "Ule muzungu hatumujui. Lakini wewe?"

Nilikuwa na maneno mengi kuhusu yule mzee, kuhusu ukurasa wa vifaa, kuhusu "Kaa!" Yote yalikuwa kweli. Nilimtazama akitembea mpaka kituo cha tramu.

Msimu ukapita bila binti. Baridi iliyofuata akarudi ukumbini, mrefu zaidi, daktari amemruhusu kurusha. Nilikuwa nimemngoja. Nilivaa glavu yangu, nikaweka ndani kipande cha sponji ya jikoni cha kukinga kiganja, nikaenda nikachuchumaa mbele ya tuta. Magoti yalilia na sikujali.

Alisimama na mpira mkononi, hakurusha.

"Tonton," akasema, kwa adabu yote, "simama, tafadhali. Nitamurushia mwingine."

Akamwita mdakaji wa timu ya vijana, kijana mnene mpole aliyekuwa akifunga viatu. Nikasimama. Nilingoja kidogo nikidhani ataniambia jambo jingine, hata tusi. Alikuwa ameshamgeukia yule kijana. Nikaenda nyuma ya wavu, mahali pekee palipobaki, ambapo kile kifaa cha kupimia kasi kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari alikokiacha mzee.

Alirusha mipira thelathini. Niliitazama yote kwa macho, na nawaambia kweli, sikuona kitu. Mpira ulitoka, ukafika. Kama mkono ulikuwa mzima, kama ulimuuma, kama aliogopa, sikujua. Kiganja changu kilikuwa kinawasha ndani ya glavu.

Na mimi sasa ndiye ninayeandika taarifa ya kitalu. Mkutano ulikuwa wiki iliyofuata, na kwenye safu ya warushaji mstari wake ulikuwa mtupu. Mazoezi yalipokwisha nikamfuata yule mdakaji mnene, nikamuuliza mpira wa binti unasemaje. Akakunja na kukunjua vidole vyake vyekundu, akafikiri.

"Unauma vizuri," akasema.

Nikaliandika kama alivyolisema. Chini ya taarifa kulikuwa na nafasi ya jina moja. Nikaweka langu.