Kamera Isiyo na Pete

Enzi zetu pale Ipogolo, picha ilikuwa jambo la kuogea. Baba akisema Jumapili tutapiga picha, mnasuguliwa visigino kwa jiwe, mnapakwa mafuta mpaka inzi wanateleza, na kucheza rede ni marufuku mpaka jua la saa nne lifike. Kisha mnasubiri wiki mbili filamu isafishwe, na mkija kuiona, wote mmekunja nyuso kama mmeitwa na mwalimu mkuu. Tuliipenda hivyo hivyo.

Baba yangu ndiye aliyekuwa mpiga picha wa mtaa. Watoto wakipata kipaimara Tosamaganga, tulikwenda naye, mimi binti yake wa kwanza nimebeba mkoba wa ngozi huku natafuna hindi la kuchoma. Kamera yake ilikuwa na pete ya chuma kwenye lenzi ya kuongeza na kupunguza mwanga, aliyoizungusha kwa vidole viwili ikalia ta, ta, ta. Jua kali, mara tatu. Wingu likipita, anarudisha moja. Wala hakuiangalia, macho yake yalikuwa kwa watu, anawatania, "Mama Tulizo, cheka basi, picha haiumi!" Nilipomuuliza mbona haangalii anachozungusha, alinijibu, "Ukiangalia kamera, mtu anakutoroka."

Mwaka huu baba ana presha ya macho. Daktari amesema hata hicho kidogo anachoona kitaondoka. Anaona mwanga, na umbo la mtu akiwa karibu. Aliniomba kitu kimoja tu: ampige mama picha yeye mwenyewe, kabla mama hajapotea machoni pake. Kamera ya zamani ipo, lakini filamu nimeitafuta Iringa mjini na Mbeya ninakofundisha, wauzaji wakanicheka. Nikaazima kamera ya kidijitali ya binti yangu Neema, ambaye hupiga sahani moja ya chipsi picha arobaini mpaka zinapoa.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa ndogo, laini kama kipande cha sabuni. Akaipapasa mbele, juu, nyuma, akaanza upya.

"Mwanangu, pete yake iko wapi?"

Nikampigia Neema simu. "Mama, bonyeza menyu," akasema. "Shuka mpaka ya tatu, ingia ndani, halafu shuka tena." Niliingia, nikakuta orodha ya lugha. Nikatoka, nikaingia kwingine, ikaniuliza saa ngapi sasa, kana kwamba ina ahadi na mtu. Kila chumba kilikuwa na chumba ndani yake. Jua lilikuwamo humo mahali fulani, limeandikwa kwa alama za kujumlisha na kutoa, na sikujua naliongeza au nalipunguza. Mara mama akawa mweusi tii kwenye kioo cha kamera, mara akawa mweupe kama sembe. Mwenyewe alikuwa kwenye kigoda na kitenge chake kipya, anatabasamu. Nilipoinua macho, tabasamu lilishakwisha.

"Jamani, mboga zangu zinaungua," akasema.

"Mama, si uiache tu kwenye oto, ijipange yenyewe?" Neema akashauri. Nikaacha. Baba akabonyeza. Picha ikatoka safi, mpaka mikunjo ya shingo inahesabika, na mama akapiga kigelegele.

"Baba Anna, umenitoa binti kabisa!"

Baba hakucheka. "Mimi nimebonyeza tu," alisema. "Imeamua yenyewe. Tutarudia kesho."

Tumerudia siku tatu. Nikipata mahali pa jua kwenye menyu, napoteza njia ya kurudi. Nikirudi, wingu limeshapita. Baba anauliza ni mara ngapi azungushe, na mimi, mwalimu wa watu, bado nabonyeza menyu. Nimechanganyikiwa, na nina hasira na hicho kidude, na zaidi na mimi mwenyewe.

Vijana wanasema siku hizi kila kitu kimo ndani, ni kutafuta tu. Sibishi. Zamani picha zetu nyingi zilitoka giza, tukalia, tukaoga upya. Lakini mtu aliharibu kwa mkono wake na kutengeneza kwa mkono wake. Leo picha haziharibiki, na baba yangu hana pa kushika.

Asubuhi ya leo mama alikaa kwenye kigoda, hatua tatu mbele ya baba, kimya, akisubiri nimalize kuhangaika na menyu. Baba akaniegemea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mama ameshakuja.